Vidonge Ndani ya Uji

Mamangu alikuwa mwosha maiti wa wanawake hapa Kibokoni tangu mimi sijaolewa. Akiitwa, huacha chungu mekoni, akajifunga leso, akaenda. Goti lilipomfura hata kuinama hawezi, watu wakaanza kumwita mwengine, na hilo lilimuuma kuliko goti lenyewe. Tena alikuwa na ahadi na dadake, mama mkubwa aliyekaa mtaa wa Tudor: atakayetangulia, mwenziwe atamwosha kwa mikono yake. Mama mkubwa naye alikuwa keshaanza kuugua moyo.

Nikampeleka mama kwa daktari wa mifupa. Alitueleza kwamba angetoa uboho kwenye mfupa wa nyonga, achuje humo seli shina, kisha azidunge gotini. Seli hizo, alisema, hutuliza uvimbe wa ndani na kuuamsha mwili ujitengeneze. Hakutudanganya, alisema ni jambo ambalo bado linajaribiwa, huenda likakubali, huenda likakataa. Sharti alilolikazia lilikuwa moja. Goti lingeuma sana wiki za mwanzo, na katika wiki hizo mama asiguse vile vidonge vyake vya kutuliza uvimbe, maana vingeweza kuharibu kazi ya seli. Alikuwa akiniangalia mimi wakati akisema.

Akadungwa, na siku tatu mama alivumilia. Siku ya nne, baada ya sala ya adhuhuri, nilimkuta akilia huku amejiziba mdomo kwa leso. Mimi nina hasira za karibu, na huruma yangu nayo ni hivyo hivyo, haingoji kufikiri. Nilisaga vidonge viwili nikavikoroga kwenye uji wake, nikazidisha sukari. Kesho yake nikarudia, na hivyo hivyo juma zima. Mama akawaambia majirani kwamba seli zimeanza kazi, nami nikaitikia alhamdulillahi. Lo, uso mkavu niliokuwa nao!

Miezi ikapita, goti likawa lile lile. Daktari alipouliza kama sharti lilifuatwa, mama akajibu upesi kwamba hakugusa hata kimoja. Nilikuwa nimekaa pale pale. Pengine lingeshindikana hata bila vidonge; najiambia hivyo kila siku na hainisaidii kitu.

Kisha mama mkubwa akafariki. Kwenye chumba cha kuoshea, kule Tudor, mama aliwekewa kiti cha plastiki karibu na mlango. Alijaribu kusimama mara mbili. Mwisho akanipa mimi kata ya kutekea maji, akawa ananielekeza: upande wa kulia kwanza, polepole, maji yasiwe mengi. Nilimwosha bila kumtazama mama usoni, hata akadhani naogopa maiti.

Tulipomaliza kumvisha sanda, alinishika mkono.

"Usihuzunike, mwanangu. Mwili wangu ndio umezeeka, hata dawa umeikataa. Wewe ulifanya yako yote. Mtoto mwengine angalinihurumia akanipa vidonge."

Nilimwinua kitini, nikamwambia watu wanangoja nje.