Miiba ya Kando ya Njia

Baba yangu alichonga mpingo kwa zaidi ya miaka arobaini, na ungemgusa kidogo tu angekueleza habari zake tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Gogo lenye ufa kwa ndani alilijua kwa kuligonga. Ndiyo maana tulipojiunga na kikundi cha kujitolea kwenye msitu wa hifadhi ulio nyuma ya mtaa wetu, huku Kibamba, alipokelewa kama mwalimu. Kazi ya kikundi ni kurudisha miti ya asili iliyomalizwa na wachoma mkaa, na kutengeneza njia za miguu ili wageni wasiukanyage msitu wote. Afisa misitu, dada mmoja mpole, alimwomba baba awe anawaeleza wageni kuhusu mpingo. Baba akapiga pasi shati kwa ajili hiyo.

Jumamosi moja ya kiangazi tulikuwa tunatengeneza njia iliyochimbwa na mvua za masika. Wengine walipanga magogo yawe ngazi, wengine wakachimba mitaro ya kutoa maji. Mimi na baba tulipewa kufyeka kingo. Upande wake kulikuwa na vijiti vikavu vya urefu wa goti, vina miiba tupu, jani hata moja hakuna. Akasema vitawachana watoto miguu. Akavifyeka vyote, huku anapiga mluzi.

Afisa misitu aliporudi alipatazama pale kwa muda, kisha akauliza kwa adabu, "Mzee wangu, ile mipingo ya hapa iko wapi?"

Ilikuwa imepandwa masika, kabla sisi hatujajiunga, na vigingi vya alama vilikuwa vimeliwa na mchwa. Akatueleza kwamba mpingo mchanga hupukutisha majani kiangazi ukabaki kama umekufa. Baba alikuwa amefyeka saba.

Alirudisha panga stoo, akaenda nyumbani, na Jumamosi iliyofuata akasema mgongo unamuuma.

Mama ni Mzaramo, mtu wa utani, na hakuolewa na mtu wa kusini kama baba ili akae kimya. "Umeula mpingo miaka yote hiyo," alimwambia huku akimmiminia chai, "sura yake huijui." Nilicheka, kisha nikajuta, maana baba aliiacha ile chai ikapoa.

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Nilitaka kujua mtu anawezaje kukijua kitu kwa ndani kiasi kile, asikijue kwa nje. Nikamfuata uani.

"Baba, kwani hukuwahi kuuona ukiwa mti?"

"Ningeuonea wapi? Mjomba alinileta mjini hata ndevu sijaota. Magogo yalikuwa yanakuja na lori, yashakatwa. Mie napokea gogo."

"Na hukuuliza unafananaje?"

"Hapana," alisema. "Hapo ndo pananiuma."

Nikaenda msituni peke yangu. Afisa misitu alichuchumaa, akakwangua kisiki kimoja kwa ukucha, na chini ya gamba kulikuwa na kijani. Akasema mizizi bado iko hai, tusubiri vuli. Baba sikumwambia, niliogopa kumpa tumaini hewa. Lakini kila Jumamosi nilikwenda kuchungulia, na kusema kweli, mara nyingi ulikuwa udadisi tu. Wiki ya tatu ya mvua nikakuta visiki vitano vimechipua.

Nilipomweleza, baba alisema, "Watanicheka. Mie ndo mzee wa mpingo pale."

"Mficha uchi hazai," mama akasema. "Vaa viatu."

Akavaa. Alipofika alichuchumaa kwa taabu, akashika chipukizi moja, akachomwa na mwiba, hakuliachia. Alichuma jani moja changa akalinusa, kisha akalitafuna. Akamuuliza afisa misitu lini mti huo utafaa kuchongwa. "Labda na wajukuu wa wajukuu wako, mzee wangu." Baba alitikisa kichwa, akaendelea kutafuna.

Tulikuwa bado pale walipokuja wanachama wapya na mapanga, wametumwa kufyeka ukingo uleule. Baba aliinuka akasimama mbele ya vile visiki.

"Wanangu, hivi msiviguse. Huu ndio mpingo. Mie niliufyeka kwa mkono wangu, sikuujua."

Mama mmoja mwenye kofia pana alimwonea huruma. "Usijali, mzee wangu, miti hii nani anaijua? Kwani wewe kazi yako ilikuwa nini?"

Niliomba kimoyomoyo baba aseme alikuwa fundi, aishie hapo, mtu mzima asiumbuke mbele za watu.

"Nilikuwa nachonga mpingo," alisema. "Miaka arobaini na zaidi. Na huu ndo wa kwanza kuuona ukiwa hai."