Shamba la Sigino lililoponea tanuru la matofali

Saa moja asubuhi mashine ya kupukuchulia mahindi inanguruma uwanjani kwa Domitila Amnaay, kata ya Sigino, pembeni mwa mji wa Babati. Vumbi la pumba limemjaa kwenye nyusi na kwenye khanga aliyojifunga kichwani. Analisha mahindi kwenye mdomo wa mashine, na upande wa pili jirani yake, Melkiadi, ameshikilia gunia lisipinduke.

Kando yao, juu ya kigoda, ameketi Theodori, kaka wa marehemu mume wa Domitila. Hakuja kusaidia. Amekuja kuona mavuno kwa macho yake, kwa sababu leo ndiyo siku ya kusema kama shamba hili la ekari moja na nusu litabaki shamba au litachimbwa.

Gunia linapojaa, Melkiadi analikokota ukutani. "Baba Wilbert, hili nalo umeliona?" anamuuliza Theodori.

"Nimeliona. Wewe shika gunia."

Miaka mitatu iliyopita kulikuwa na magunia machache ya kuangalia. Shamba lote lilitoa manne. Mahindi yalianza kuwa ya njano yakiwa magotini, majani ya chini yakakauka kabla ya kubeba. Domitila, ambaye ni mjane mwenye watoto wanne, anasema chakula kiliisha Januari na kuanzia hapo alikuwa akifua nguo za watu Bagara ili kununua unga.

Mfyatua matofali mmoja wa mjini alikwishapita kuangalia udongo. Alikuwa tayari kulipa shilingi laki mbili kwa mwaka ili auchimbe. Theodori, msimamizi wa ardhi ya familia, hakuona ubaya.

"Nilimwambia shemeji, udongo huu umeshakataa kuwa mahindi, uache uwe ukuta," anasema, bila kuona haya. "Mtu mwenye akili angefanya nini kingine?"

Domitila alijua kwamba shamba likishachimbwa huwa shimo. Alimwomba misimu mitatu. Theodori alikubali, kwa sharti kwamba msimu wa tatu ukiisha hakutakuwa na maombi mengine.

Bwana shamba wa kata, Fabiani, alimweleza ugonjwa wa udongo wake kwa maneno machache: umelimwa mahindi matupu miaka mingi, kila kitu kimetolewa na hakuna kilichorudishwa. Alimshauri apande mbaazi katikati ya mistari ya mahindi. Mbaazi hurutubisha udongo, majani yake hudondoka na kuoza palepale, na mizizi yake huvunja ardhi ngumu. Ila huchelewa. Mahindi huvunwa Julai, mbaazi hukaa shambani hadi Septemba.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria, si bwana shamba wala mkulima. Sigino, mahindi yakishatoka, shamba huwa malisho ya wote. Mifugo huingia popote, mwenye shamba haulizwi, naye hategemei kuulizwa.

Agosti ya msimu wa kwanza Domitila alikwenda msibani Dareda. Aliporudi, mbaazi zilikuwa zimebaki vijiti. Ng'ombe wa Melkiadi walikuwa wameshinda humo, na nyumba ya Melkiadi ipo hapo hapo, ng'ambo ya njia.

"Nilimfuata nimekasirika," anakumbuka Domitila. "Akaniambia, 'Mama Joyce, mahindi si umeshavuna? Ningejuaje kama kuna kingine chako humo?' Kwa desturi yetu alikuwa hana kosa."

Msimu mmoja ulikuwa umekwenda bure. Wa pili alilizungushia shamba uzio wa miiba. Majirani walisema mjane amekuwa mchoyo, anawanyima ng'ombe mabua ambayo yeye mwenyewe hayali. Siku aliyowaita watu kumsaidia palizi alipika sufuria kubwa la makande. Walikuja wanawake wawili.

"Tulikula makande siku tatu," anasema. "Watoto wakaniomba nisiite watu tena."

Alitambua kwamba uzio ungemlindia mbaazi lakini ungemwachia maadui, na kwamba udongo wake bado ulihitaji kitu ambacho maadui hao walikuwa nacho. Melkiadi ana ng'ombe kumi na mmoja. Samadi ilikuwa imejaa zizini mwake kiasi kwamba wakati wa mvua wanyama walisimama kwenye tope hadi magotini, naye alilipa vijana waizoe na kuimwaga korongoni.

Domitila alikwenda kwake na pendekezo. Akishavuna, atakata nusu ya mabua na kuyapeleka zizini mwenyewe. Nusu nyingine italala shambani kufunika ardhi. Ng'ombe wasiingie. Badala yake, apewe samadi.

Melkiadi anacheka akisimulia. "Nikamuuliza, yaani uniletee chakula cha ng'ombe mpaka mlangoni, halafu unataka mavi tu? Akasema, mavi tu. Nikamwita mke wangu aje asikie."

Samadi hiyo haikumwagwa shambani ikiwa mbichi. Fabiani alisisitiza irundikwe kivulini, ifunikwe kwa majani na kugeuzwa hadi iwe nyeusi na isiyo na harufu. Ilipofika siku ya kupanda msimu wa tatu, kila shimo lilipata viganja viwili vya samadi, kizibo kimoja cha soda cha mbolea ya viwandani, udongo kidogo juu yake, kisha mbegu. Wengi Sigino wanaamini kwamba mbolea ya viwandani huua ardhi. Domitila naye aliamini. "Fabiani akaniambia, mama, ardhi yako imeshakufa, unaogopa nini?"

Msimu wa pili, kabla ya samadi, ulikuwa umetoa magunia tisa, na mbaazi alizouza zikamlipia Joyce, binti yake mkubwa, mahitaji ya bweni. Watu waliomwita mchoyo wakaanza kupunguza mwendo wanapopita shambani kwake. Juni mwaka huu mkutano wa mtaa ulipitisha kwamba mifugo isiingie shamba lolote hadi mbaazi zitoke. Aliyetoa hoja alikuwa Melkiadi.

Saa nne mashine inazimwa. Ukimya unawafanya watu wageuke. Ukutani yamesimama magunia kumi na tisa, na shambani mbaazi ndiyo kwanza zinatoa maua.

Theodori anainuka, anatia mkono kwenye gunia la mwisho, anatoa punje na kuzitafuna mbili.

"Yule wa matofali nitamwambia atafute kwingine," anasema. Kisha, kama mtu anayezungumzia jambo dogo, anaongeza: "Shemeji, lile la kwangu la Maisaka nalo limechoka. Utapata nafasi ya kuliangalia?"

Melkiadi anakohoa. Domitila anajifuta vumbi usoni kwa pindo la khanga. "Nitaliangalia," anajibu. "Lakini tutagawana mavuno, Baba Wilbert, si kibarua."

"Si nimeshasema uliangalie? Tutagawana."

Kumbe Domitila amekwishakwenda kuliangalia. Wiki iliyopita, akitoka kanisani, alipitia Maisaka na jembe la kuazima, akachimba sehemu nne. Udongo ulitoka mabonge, maji ya mvua yalikuwa yameacha utando mgumu juu, na hakukuta nyungunyungu hata mmoja, dalili kwamba udongo hauna uhai.

Anapanga kuanza na mbaazi na samadi, nusu ekari kwanza, kabla ya kugusa iliyobaki. Magunia ya Maisaka hayahesabu kwa sasa.

"Watu wataniuliza nimevuna ngapi," anasema. "Mimi nitachimba nitafute nyungunyungu. Nikimkuta mmoja, nitajua tumeanza."