Swichi Iliyoitwa Mwoga

Mtaani hakuna aliyemwita jina lake. Walimwita Fundi Mama, naye aliitika kichwa kikiwa juu kidogo, maana miaka thelathini na moja ya kuvuta nyaya kwenye nyumba za watu si mchezo. Kasoro yake ilikuwa moja: akishasema neno kuhusu umeme, limekwisha. Ukimbishia alikuuliza, "Wewe bisibisi ulianza kuishika lini?" Nawe ulinyamaza, ungefanyaje?

Mkwewe, mume wa binti yake wa pekee, alisambaza mikate kwa bajaji ya umeme ya mtumba. Chaja yake ilifungwa humo humo, chini ya kiti. Akimaliza mizunguko ya asubuhi alichomeka waya kwenye soketi ya ukutani, akajilaza. Siku moja swichi ya usalama ya nyumba, ile inayokata umeme ukivuja, ikaanza vituko. Akichomeka tu, tap! Friji kimya, pasi baridi.

Akaenda kumweleza mama mkwe kwa adabu zote, macho chini. Fundi Mama akacheka.

"Baba, chaja za namna hii zote huvujisha umeme kidogo. Ndivyo zilivyoumbwa. Swichi yenu ni mwoga tu."

Ni kweli huvujisha kidogo, na ukweli huo ndio uliomponza. Asiyejua kitu angeogopa akaacha. Yeye alijua nusu, akaona inatosha, wala hakutoa mita ya kupimia umeme mfukoni. Alikwenda kwao, akafungua boksi la swichi, akaunganisha waya pembeni ili umeme upite bila kuiuliza swichi. Kazi ya dakika sita. Binti yake akamshangilia, naye akavimba kichwa.

Wiki tatu zikapita salama. Jumamosi moja alikuwa kwa binti yake, anakunja nguo mlangoni. Mjukuu wake wa miaka mitano alikuwa uani, pekupeku kwenye sementi iliyolowa, anaifuta kwa kitambaa bajaji iliyokuwa inachajiwa. Mara akacheka kwa sauti.

"Bibi, njoo! Bajaji inatekenya!"

Tangu magoti yaanze kumsumbua Fundi Mama hakuwa amekimbia. Siku ile alikimbia. "Toa mkono! Rudi nyuma!" alipiga kelele, huku mkono wake ukishusha swichi kuu ya nyumba. Kisha akamnyakua mtoto, akakaa naye pale pale kwenye maji na kulia. Mtoto alikuwa mzima, anamshangaa.

Alipoweza kusimama, alifungua kiti na kuchunguza. Mpira wa kuzuia maji kwenye chaja ulikuwa umepasuka, maji yakaingia, na umeme ukawa unapita hadi kwenye bodi ya chuma ya bajaji. Mwanzoni uliteremka ardhini kwa waya wa kijani na njano, na swichi ikauona na kukata, tena kwa haki kabisa. Baadaye ule waya ulilika kwa kutu ndani ya soketi, ukachomoka. Umeme ukabaki kungoja mtu aguse. Fyuzi ya chaja ilikuwa nzima, maana umeme wa kumuua mtoto ni mdogo mno, fyuzi hata haiutambui. Swichi ndiyo ingeutambua, na swichi aliizima yeye.

Mkwe aliporudi kutoka dukani, Fundi Mama alikuwa ameshairudisha swichi kama zamani, na chaja iko mezani. Ingekuwa rahisi kusema chaja ilikuwa mbovu na fundi ameokoa. Nani angejua? Lakini alimwangalia mjukuu, akaona haya kuliko alivyowahi kuona maishani.

"Kaa, baba. Nilikosea. Swichi yenu ilikuwa inasema kweli, mimi nikaizima bila kupima. Nusura nimuue mtoto."

Mkwe alimvuta mwanawe, akamshika mikono, akaigeuza huku na huku.

"Mama," alisema, "kuna jambo. Nimewaambia madereva wenzangu wa bajaji za umeme."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba wewe umesema swichi ni mwoga tu. Wanne wameshapitisha waya pembeni ya swichi zao kama yetu."

Fundi Mama alitia mita na bisibisi kwenye mfuko, akavaa viatu bila hata kufunga kamba. Mkwe akamchukulia mfuko.

Nyumba ya kwanza ilikuwa mtaa wa pili. Mke wa dereva alifungua mlango kwa bashasha.

"Karibu, Fundi Mama! Swichi yetu siku hizi imetulia, Mungu akubariki!"

"Usinishukuru, mwanangu. Nilichosema ni makosa, nimekuja kukifuta. Watoto wako wapi?"

"Wanacheza uani."

"Waite ndani, wote. Wasiguse bajaji. Halafu nionyeshe boksi."

Alizima umeme, akautoa ule waya wa pembeni. Mkwewe alikwenda uani kuiangalia bajaji, ambayo bado ilikuwa imechomekwa. Fundi Mama akainua swichi.

Tap! Ilikata papo hapo. Nyumba ikawa kimya, watoto watatu wakimtazama kutoka kwenye kochi. Fundi Mama aliegemea ukuta, akawahesabu mmoja mmoja, akashusha pumzi.

"Hii nayo inavuja. Tumewahi," alimwambia mkwewe aliyerudi mlangoni. "Chomoa hiyo, twende kwa wa pili."