Birika la Severini

Severini alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, na neno alilolijua kuliko yote lilikuwa "mazi", yaani maziwa. Kwa maji hakuwa na neno. Alikuwa na mdomo tu, na aliufumba.

Mama yake, Candida, alikuwa amechoka naye hadi kwenye mifupa. Maziwa yenyewe mwaka ule wa themanini na moja yalipatikana kwa jasho. Alfajiri watu walipanga matofali, ndala na vikapu vilivyotoboka mbele ya duka la maziwa pale Kariakoo kushika nafasi kwenye foleni, kila mtu akiapa kwamba tofali la mbele ni lake. La Candida lilikuwa na alama ya chaki. Lilikaa pale siku tatu, na gari la maziwa halikutokea.

Muuguzi wa kliniki hakumung'unya maneno: kwa joto hili mtoto asipokunywa atakauka, mpe maji, na uyachemshe. Candida akachemsha. Mkaa ulipoadimika akachochea makumbi ya nazi, machozi yakimtoka kwa moshi, sufuria ikiwa wazi, kisha akayatia yale maji kwenye birika la Severini peke yake, mwingine asiguse. Yeye mwenyewe akirudi kutoka kwenye foleni alipitia mtungi wa jirani wa chumba cha pili, Bi Mwantumu, ambaye kila Ijumaa aliufukiza mtungi wake ubani. Alikunywa kata moja, akashukuru.

Siku ya nne, adhuhuri, machungwa aliyokuwa akifyonza mtoto yalikuwa yamekwisha, nepi ilikuwa kavu tangu asubuhi na midomo ya mtoto imeanza kupasuka. Candida akajaribu kijiko. Akajaribu kikombe cha baba yake. Akaimba, akambana pua. Severini akamtemea yote kifuani, akalia, "Mazi!"

"Kunywa, we mtoto! Unataka nikuzalie ng'ombe?" Na kofi likamtoka, likatua pajani.

Bi Mwantumu akachungulia uani. "Taratibu, mwanangu. Kuna nini?"

"Shikamoo, bibi. Huyu amenishinda, na ninaogopa. Kule Kibosho alikunywa maziwa ya ng'ombe wa bibi yake, anadhani na huku kuna zizi."

"Marahaba. Hebu nipe mimi."

Akampakata, akachota mtungini. Severini akanusa kata, akanyamaza. Kisha akaishika kwa mikono miwili, akanywa hadi maji yakamchuruzika tumboni.

"Bibi, hayajachemshwa hayo!"

"Nani kakwambia? Tangu kipindupindu kiingie mjini sitii maji mabichi mtungini."

Candida akahisi hasira mpya. Kumbe maji anakunywa, ila ya mkono wa mama ndiyo hayataki! Akaingia chumbani, akalinyakua birika, akapiga funda moja, la kwanza tangu aanze kulijaza.

Akalitema papo hapo. Moshi mtupu, na uchungu wa makumbi ukabaki kwenye ulimi. Siku nne alikuwa akimlazimisha mwanawe anywe kitu ambacho yeye hakuwahi kukionja, na leo amempigia hicho hicho.

Akatoka, akamwaga birika lote uani, akapiga magoti mbele ya mtoto. Alama za vidole zilikuwa bado pajani. Severini akamtazama, akamsogezea kata mdomoni ili naye anywe.