Magitaa ya Mathenge na Ardhi Iliyokauka

Mjini Garissa husemwa hadi leo kwamba magitaa ya yule fundi yalimuua mwalimu. Nilikagua nyaya za umeme katika majengo ya umma ya eneo hili mpaka nilipostaafu, nami natamka wazi kwamba kauli hiyo si kweli.

Fundi mwenyewe alitoka Hadado, katika ukoo wa wachongaji wa kengele za mbao za ngamia. Baada ya miaka ya kuunda magitaa ya kawaida, alitangaza aina tatu mpya za gitaa la umeme, zote za mathenge, mti wa miiba ambao sisi wengine tulijua kuulaani tu. Jembamba aliliita Qaalin, yaani ngamia mchanga. Lenye uwazi tumboni, Hal, ngamia jike. Na la besi, Awr, dume la mizigo.

"Huyu Awr nabeba wenzake wote," aliniambia akilipapasa. "Lakini yeye hana teke, mzee. Shika tu."

Ngamia wake wa kweli alikuwa amewauza huko Wajir ili apate sumaku, nyaya na nyuzi. Magitaa yale yakikataliwa, hakuwa na pa kurudi.

Yalizinduliwa katika ukumbi nilioufahamu vizuri mno. Umeme ukivuja ndani ya chombo, hupaswa kukimbilia ardhini kupitia fimbo ya shaba iliyopigiliwa nje ya ukuta. Katika mchanga wetu mkavu fimbo hiyo haifai kitu bila unyevu. Nikiwa bado kazini niliagiza imwagiwe maji kila wiki. Ukame ulipokaza, mlinzi wa ukumbi aliacha.

"Mzee, mbuzi nakufa kwa kiu," alinijibu nilipomuuliza. "Wewe nataka mimi ninyweshe chuma?"

Yeye sikumlaumu. Niliwalaumu wakubwa wake, ambao niliwaomba fimbo ndefu ya kufikia udongo wenye unyevu. Ombi langu halikujibiwa.

Siku ya uzinduzi mwalimu mmoja kutoka bara, mpigaji gitaa wa kanisani, alipewa Qaalin. Lilichomekwa kwenye amplifaya ya ukumbi, kuukuu, yenye nyaya zilizochubuka ndani. Alipiga vizuri, hata wazee waliokuja kununa walikuwa wakitikisa kichwa kwa kufuata mapigo. Kisha, mkono mmoja ukiwa kwenye nyuzi, akaegemea kwa mkono wa pili nguzo ya chuma. Hakupiga kelele. Nyuzi zililia mara moja tu, naye akaanguka chali na gitaa kifuani.

Mvua zilifika kabla ya kamati ya uchunguzi kuketi. Nilisimama mbele yao, ingawa hawakuwa wameniita, nikaeleza kwamba gitaa halichomekwi ukutani, kwamba mbao na nyuzi hazizalishi umeme wa kuua, na kwamba kosa lilikuwa katika amplifaya iliyovujisha umeme hadi kwenye nyuzi, na katika ile fimbo iliyoshindwa kuupeleka ardhini. Wakamtuma kijana wa ofisini nje na mita ya kupimia fimbo. Alirudi na matope hadi vifundoni.

"Iko sawa kabisa," alisema.

"Ni sawa leo kwa sababu imenyesha!" nilisema.

Mwenyekiti alitabasamu. "Mzee wetu, pumzika. Serikali ilishakushukuru."

Magitaa yalipigwa marufuku katika kumbi zote za umma. Makanisa nayo yakafuata. Nani angenunua gitaa lililoua?

Jua liliporudi na mchanga ukapauka, nilikwenda ukumbini na mita yangu mwenyewe. Mlinzi alinifungulia lango. Fimbo ilikuwa imekufa kama nilivyosema. Nilitembea moja kwa moja hadi kwa fundi kumpa habari hiyo, nikidhani nampelekea haki yake.

Nilimkuta amechutama akichonga kengele ya ngamia. Sufuria ya chai ilikuwa ikichemka kando yake. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Wallahi nilijua, walaal, ndugu yangu," alisema. "Lakini umechelewa. Awr ndiye huyo, nachemsha chai."

Nilitazama. Katikati ya majivu palikuwa na vigingi vya chuma vya kukazia nyuzi, vimepinda kwa moto. Alinimiminia kikombe, nami nikakinywa, kwa kuwa kukikataa kungekuwa kumtukana mara ya pili baada ya kamati.

Nikirudi nyumbani nilipita tena ukumbini. Vijana walikuwa wakishusha spika za harusi na kuziburuta juu ya mchanga mkavu. Niliwaonya juu ya ile fimbo. Wakanijibu kwa heshima zote kwamba bibi harusi hataki gitaa, kwa hiyo hakuna hatari.