Zamu ya Kunyonyesha

Miaka michache baada ya Uhuru, mume wangu alikuwa anatafuta kazi Kasese kama mtu anayechagua mchumba: hii inalipa kidogo, ile ina bosi mkali, nyingine iko mbali na stesheni. Kila Jumamosi alirudi Bwera na habari nyingi na mfuko mtupu. Nilimpenda, na bado ninampenda huko alikolala, lakini habari hazipikwi.

Tulikuwa tumeshuka kutoka Mahango, mlimani, kwa sababu shamba la baba yake lilikuwa limegawanywa kwa wana wengi mpaka fungu letu halikutosha hata maharage ya msimu mmoja. Bwera tulilala jikoni kwa shemeji yangu. Shemeji alikuwa mtu mwema, ila wema nao unachoka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulishapewa zamani, na sasa mke wake alikuwa anahesabu ndizi kabla sijapita na baada ya kupita. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, alikuwa hajaota hata jino.

Kazi iliyokuwepo kwa wanawake ilikuwa kuchambua kahawa, kwenye ghala la mnunuzi mmoja kando ya barabara iendayo mpakani, Mpondwe. Asubuhi tulisimama mlangoni, nyapara akatoka, akanyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Waliochaguliwa waliketi kwenye meza ndefu, wakatoa punje nyeusi, punje zilizovunjika na vijiwe, na jioni wakalipwa. Hiyo tuliita leja leja, kazi ya leo ambayo kesho haikujui. Nyapara alikuwa na sharti moja: hakutaka mwanamke mwenye mtoto wa kunyonya. Alisema mama wa namna hiyo anainuka mezani kila mara. Siku ya kwanza nilikwenda na mtoto mgongoni, naye akaniangalia kama mtu aliyeingiza mbuzi kanisani.

Pale mlangoni nilimkuta mwanamke mwingine aliyefukuzwa kwa kosa hilohilo. Alikuwa ametoka upande wa Beni, akikimbia vita vya ng'ambo ya mpaka, na binti wa umri uleule wa mwanangu. Alilala kwenye jengo la kanisa pamoja na wakimbizi wenzake. Yeye na mumewe walipotezana njiani, kwa hiyo hakutaka kwenda mbali na mpaka. Kila siku ya soko alishuka hadi darajani, kwenye mto Lubiriha, kuwauliza wanaovuka kama wamemwona. Lugha yake na yangu ni ndugu, lakini yeye alikulia sokoni na alipenda Kiswahili cha kwao.

"Dada," akaniambia, "mubaba huyu hataki mutoto. Basi tumupe mama bila mutoto. Leo unaingia weye, miye nabaki na batoto. Kesho naingia miye."

"Na wakilia njaa?"

Akacheka, akajipiga kifuani. "Hapa iko mbili. Batoto beko babili."

Tukaanza; nyuso za mlangoni zilikuwa nyingi mno kwa nyapara kutukumbuka. Anayeingia kazini alijifunga kitambaa kilichokunjwa chini ya blauzi ili maziwa yasionekane. Anayebaki aliketi kwenye migomba, ng'ambo ya barabara, akanyonyesha wote wawili, huyu kushoto, yule kulia. Ujira tuligawana. Siku ya kwanza nilipomwona mwanangu akinyonya kwake nilishikwa na wivu wa kijinga, nikatamani kumnyang'anya. Kisha nikaona jinsi alivyomkinga jua usoni kwa kiganja chake, nikatulia. Haukupita muda watoto wenyewe wakawa hawajali wako kwa nani. Nasi vilevile: binti yake akilia, maziwa yalinitoka kabla sijageuza kichwa.

Siku moja nyapara akatangaza kwamba mwenye ghala anataka mwanamke mmoja wa kazi ya mwezi. Mshahara kila mwisho wa mwezi, kahawa iwepo isiwepo, pamoja na chumba cha mabati nyuma ya ghala. Wewe uliyezaliwa penye vyumba huwezi kujua neno hilo lilivyoniingia. Chumba! Mahali ambapo hakuna mtu anayehesabu ndizi. Mimi na rafiki yangu tukapatana palepale: yeyote atakayepata, mwenzake atalea watoto, na wote tutakula sufuria moja.

Asubuhi ya kuchaguliwa mume wangu alikuwepo, maana Kasese ilikuwa imemchosha tena. Nikamkabidhi watoto wawili na kikombe cha uji, nikamwambia akae kwenye migomba na asitokeze hata pua. Aliwashika kama aliyepewa kuku wawili wazima, asijue aanzie wapi.

Nyapara alipita kwenye mstari akitazama mikono yetu. Akapunguza, akapunguza, mpaka tukabaki wachache, mimi na rafiki yangu tukiwa bega kwa bega. Ndipo mtoto akalia ng'ambo ya barabara. Nilimjua kwa sauti, alikuwa wangu. Nilijibana kifua kwa mikono na kitambaa changu kikashika. Lakini jana yake ilikuwa zamu ya rafiki yangu kubaki na watoto, na mwili wake ulikuwa umemzoea mwanangu kutwa nzima. Niliona doa linaanza kwenye blauzi yake, likatanuka. Alitazama mbele tu, kama haoni.

"Wewe! Toka kwa mustari!" nyapara akafoka. "Nyinyi watu ya ng'ambo, uongo ndiyo muzigo mulivuka nayo."

Akatoka mstarini. Nyapara akanigeukia, na kidole kikaanza kuinuka. Kilikuwa kinakuja kwangu, nilikiona. Ningefunga mdomo kwa muda wa kupiga chafya tu, chumba kingekuwa changu. Lakini mimi hasira yangu haijawahi kuniomba ruhusa.

"Mtoto anayelia ni wangu!" nikapiga kelele. "Maziwa hayo ni ya mwanangu! Kama ni uongo, ni wetu sote wawili. Na wewe, bwana nyapara, hukunyonya?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nyapara hakucheka. "Basi toka na wewe," akasema.

Tulivuka barabara. Mume wangu akauliza imekuwaje. Mimi nilikuwa nimejaa fahari, nikingoja shukrani. Rafiki yangu akanigeukia kwa macho makali.

"Sababu gani umesema? Miye nilikuwa nimeshapotea. Weye ungepata, tungekula bote. Sasa hasira yako tutaipika na nini?"

"Hasira hasara," akaongeza mume wangu, ambaye busara ilikuwa ikimjia mvua ikishanyesha.

Rafiki yangu akaketi chini, akamchukua mwanangu kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa bado analia, akamnyonyesha huku amenipa mgongo. Fahari yangu ikaisha palepale. Nilimchukua binti yake nikamweka kifuani, nikalia pamoja naye. Niliyaona maisha yangu yote jikoni kwa shemeji.

Kesho yake alikuja asubuhi mapema. Hakusalimu. "Nipe mutoto," akasema. Nilimpa, nikidhani anataka kumnyonyesha. Akamfunga wake mgongoni, wangu akamfunga mbele, akashika njia ya ghala. Nikamfuata kwa mbali mpaka kwenye migomba yetu, nikasimama. Alikwenda moja kwa moja kwa nyapara, na sauti yake ilikuwa ya sokoni, hata viziwi wangeisikia.

"Shefu, ona muzuri. Batoto bote beko bangu. Ule dada hana mutoto."

"Jana yeye alisema ni yake."

"Alisema kwa huruma. Mutoto iko wangu."

Nyapara hakuwa mjinga. Alimtazama mwanangu, kisha akanitazama mimi kule ng'ambo. Mtoto yule ana paji langu la uso lote, hata leo. Lakini nafasi ilikuwa bado wazi, kahawa ilikuwa imejaa ghalani, na alijua kasi ya vidole vyangu.

"Sawa," akasema mwishowe. "Lakini siku moja nione yeye nanyonyesha hapa, kazi kwisha. Hapa yeye hana mutoto. Umesikia?"

"Nimesikia, shefu."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya mwezi.

Chumba kilikuwa kidogo, tukakigawa kwa pazia la magunia, mimi na mume wangu huku, rafiki yangu kule. Mume wangu alipata kubeba mizigo palepale ghalani wakati wa msimu, na nje ya msimu aliendelea na habari zake. Chumvi haikukosekana, sabuni haikukosekana. Shemeji alipokuja kutusalimu nilimpikia ndizi, nikampa za kupelekea mkewe, na sitaficha kwamba nilifurahi. Lakini mchana, nikiwa mezani, nilimsikia mwanangu akilia nyuma ya ukuta, nami nikaiacha mikono yangu kwenye kahawa. Nilisikia rafiki yangu akimbembeleza, kilio kikashuka, kikakoma. Iliniuma kila siku, sikuzoea. Maziwa yangu yalikauka mapema. Yeye ndiye aliyewanyonyesha wote wawili mpaka wakaacha.

Mwanangu alipoanza kusema, alimwita yeye Mama. Mimi aliniita Dada, kwa kuwa ndivyo alivyomsikia yeye akiniita. Tulicheka mpaka machozi. Tena ilitufaa, maana nyapara alikuwa anapita uani wakati wowote. Nikajiambia ataacha akikua.

Siku moja ya soko rafiki yangu alirudi kutoka darajani akikimbia kama msichana, na nyuma yake mwanamume mwembamba akisukuma baiskeli. Alikuwa mumewe. Nilichinja kuku, na furaha yangu ilikuwa ya kweli, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Walikaa kwetu siku chache, kisha wakaamua kurudi kwao, kwani kulikuwa kumetulia.

Nikaomba ruhusa kwa nyapara, nikawasindikiza hadi mtoni. Mwanangu alikuwa anaweza kukimbia wakati huo. Alikimbia mbele yetu na dada yake wa ziwa, akidhani tunakwenda sokoni. Tulipofika darajani akaona mabegi yanafungwa kwenye baiskeli, akashika kitenge cha rafiki yangu kwa mikono yote miwili. Rafiki yangu akapiga magoti, akamfungua kidole kimoja kimoja.

"Mama yako iko ule pale," akamwambia. "Miye niko mama mudogo."

Akavuka bila kugeuka nyuma, na nilijua kwa nini. Mwanangu aliwatazama mpaka wakapotea kati ya watu. Kisha akanivuta sketi.

"Dada," akasema, "mwambie Mama arudi."

Kesho yake ilikuwa siku ya kazi. Sikumwacha kwa mtu. Nilimfunga mgongoni, mkubwa vile, miguu ikining'inia, nikaingia ghalani kwa mlango wa mbele. Nyapara akauliza huyo mtoto ni wa nani. "Wangu," nikasema, safari hii bila hasira, nikaenda kuketi mahali pangu. Alinitazama kidogo, akaitazama miguu ile mirefu isiyo ya mtoto wa kunyonya, akaendelea na kazi yake.

Nilichambua kahawa pale mpaka ndani ya miaka ya sabini. Askari walipojaa darajani na kuvuka kukawa shida, salamu zake zikaacha kunifikia. Mwanangu sasa ana mvi. Anajua habari hii yote, nimemsimulia mwenyewe, na bado ananiita Dada. Zamani nilikuwa ninamsahihisha. Siku hizi akiniita, naitika.