Niliandika Pumu

Mpaka leo nikimsikia mhudumu wa afya akisema "hiyo ni pumu tu", damu inanichemka. Hilo neno "tu" ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu nililitumia mwenyewe kwa mdogo wangu wa tumbo moja, na nusura limuue.

Mimi ni tabibu wa zahanati upande wa Kimamba. Mdogo wangu ameolewa Ruhembe, kwenye miwa. Alianguka na bodaboda, akavunjika mguu chini ya goti, akafungwa hogo, lile plasta gumu jeupe. Nilimchukua akae kwangu, maana kwake asingepumzika. Wiki sita alikuwa kitandani au barazani, akichambua mchele na kunifundisha kupika kwenye jiko langu mwenyewe.

Hogo lilipotolewa alisema mguu bado unambana, kama vile halijatoka. Nikamwambia misuli imelala, atembee. Siku ya nne asubuhi alikuwa anafagia uani, akaachia ufagio, akaketi chini akihema. Alisema pumzi haifiki mwisho, na kila akivuta hewa anachomwa ubavuni.

Utotoni alikuwa na pumu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba mgongoni kumpeleka kwenye matibabu, kwa hiyo nilijiona sina haja ya kufikiri. Nilisikiliza kifua chake, hakikuwa na mluzi hata kidogo. Kifua cha pumu kwa kawaida hupiga filimbi. Hilo nalijua tangu mwaka wa kwanza chuoni. Nikapuuza. Mapigo ya moyo yalikuwa yanakimbia, nikasema ni hofu. Nikampa kipampu cha kuvuta, nikaandika kwenye daftari lake: pumu.

"Dada, pumu yangu naijua," aliniambia. "Hii siyo."

Nikamjibu kwamba hiyo ni pumu tu, ukubwani hubadilika. Nilitumia ile sauti ya kikazi, ya kumnyamazisha mgonjwa.

Ikapita wiki ya nafuu ya kubahatisha. Shemeji akapiga simu kwamba miwa imeanza kukatwa na mkewe anadeka huku kwa dada yake. Nilimkasirikia shemeji, lakini sikumzuia mgonjwa wangu. Nilimpandisha basi la Mikumi kwa mikono yangu, nikamwekea mkobani kipampu na barua, iwapo atahitaji kuonwa njiani.

Aliposhuka Mikumi kubadili gari, alianguka stendi. Akina mama wauza ndizi wakampeleka hospitali, wakanipigia simu. Nilipofika mchana nilimkuta na oksijeni puani, na barua yangu imebanwa mbele ya faili. Walikuwa wameisoma, wakaiamini. Walimvutisha mvuke wa dawa ya pumu mara tatu, bila mabadiliko. Kesho yake alikohoa makohozi yenye damu, wakamhamishia chumba cha peke yake kwa kumshuku kifua kikuu. Makohozi yakapimwa, kikakosekana. Basi wakasema ni nimonia, akaanza sindano nyingine.

Nilimfuata daktari, nikamuuliza inakuwaje mtu anapewa matibabu ya magonjwa matatu na bado anazidi kubanwa. Alikuwa amechoka, na ukumbini kulikuwa na foleni. Akafungua faili, akaweka kidole kwenye mwandiko wangu.

"Si wewe mwenyewe umeandika pumu?"

Nilirudi wodini kwa hasira, na nilijidanganya kwamba namkasirikia yeye.

Nikaomba beseni la maji nimwogeshe mgonjwa, angalau mikono yangu ipate kazi. Nikaanza na uso, nikaja mikononi. Nilipoifunua khanga miguuni nikasimama. Ule mguu uliokuwa kwenye hogo ulikuwa mnene kuliko mwenzake, unang'aa, una joto. Nilipoubonyeza, kidole kiliacha shimo. Tangu hogo litoke sikuwa nimeutazama mguu ule hata mara moja. Wote tulikuwa tumeshughulika na kifua.

Nilirudi kwa daktari mikono ikiwa na povu. Nikamwambia damu imeganda mguuni, ikakatika kipande, ikapanda mapafuni. Sikumwomba, nilimwamuru, na hilo halikumpendeza. Lakini alikuja. Alipima mashavu ya miguu yote miwili kwa futi ya fundi cherehani, akarudia kupima. Kisha akaagiza sindano ya kuzuia damu isigande, akaita gari la wagonjwa bila kungoja jambo lingine. Hospitali kubwa ya mkoa wakamfanyia picha ya kompyuta. Mabonge yalikuwa kwenye mapafu yote mawili. Aliyetusomea majibu alisema angepanda basi jingine, asingefika.

Alipona, polepole. Miezi kadhaa baadaye ndugu walichinja mbuzi Ruhembe kumshukuru Mungu. Shemeji akasimama, akanishukuru mimi mbele ya watu, eti bila shemeji yake daktari angekuwa mjane. Watu wakapiga makofi. Nikashindwa kuvumilia. Nikasimama, nikasema nilikosea, nilimpa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, nikaandika barua iliyowafumba macho na wengine. Mama mkubwa akanivuta gauni, akasema yaliyopita yamepita, ilikuwa mipango ya Mungu, siku ya mgonjwa ilikuwa haijafika. Wengine wakaitikia. Hapo ndipo nilipowaka. Msamaha ule ulinichoma kuliko tusi, kwa sababu aliyeumia hakuna aliyemuuliza.

Mdogo wangu aliweka sahani chini.

"Mwacheni aseme," alisema. Akanigeukia. "Nilikwambia siyo pumu, dada. Ulinisikia. Hukuniamini."

"Ni kweli," nikasema.

Hakunikumbatia. Alichukua sahani yake akaendelea kula. Wiki kama tatu hakupokea simu zangu, nami sikumlaumu. Sasa tunaongea, ingawa akiumwa kichwa tu anakwenda kwa daktari mwingine kwanza, kisha ananiambia.

Siku hizi zahanati, anayekuja kwangu akihema anavua viatu na kufunua miguu yote miwili. Juzi mzee mmoja mfugaji alihamaki, akaniambia amekuja kutibiwa kifua. Nilimpa shikamoo yake, nikachuchumaa, nikaanza kumfungua kamba za makatambuga.